Q ya Fundi Brashi

Nyumba ya kona, nyuma ya duka la vioo,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo huko, na goti lako limeacha ukorofi? Sisi wazima. Mama anakohoa kidogo, ila sauti ya kutugombeza anayo yote. Nasikia kwenu baridi imekaza. Lile sweta ulilolicheka rangi yake, sasa livae.

Leo siwezi kuzunguka mbuyu: herufi za Baba zimekamilika. Fundi Brashi, kaka yako, ameingia kwenye kompyuta mzimamzima.

Unajua tangu kiharusi kimpige mkono wa kulia alivyozifunga brashi zake kwenye kitambaa, akatukataza kumtajia habari za vibao vya maduka alivyokuwa akiandika. Hata wewe akaacha kukuandikia. Huku mjini nako vibao vyake vikawa vinang'olewa, yanabandikwa mabango ya plastiki. Niliogopa, Shangazi. Niliona siku akituacha haitabaki hata A yake.

Basi nikapita mitaani na simu, nikapiga picha kila kibao chake kilichobaki: saluni, gereji, duka la viatu ambalo siku hizi linauza magodoro. Unajua kazini tunatengeneza vitabu vya shule. Mkubwa wangu alipoziona picha akaniahidi kwamba herufi zikitimia zote, kitabu cha kusomea cha darasa la kwanza kitachapwa kwa mwandiko wa Baba. Nikazichora upya kwenye kompyuta, nikifuata hata pale brashi ilipokuwa imeishiwa rangi. X niliipata hospitalini, kwenye mlango wa eksirei. Q sikuipata popote. Miaka yote ile hakuna mwenye duka aliyewahi kumwagiza Q.

Nikajitia ujanja. Nikachukua O yake, nikaipachika mkia, nikamwonyesha. Baba akaitazama weee, halafu akasema, "Hii ni O iliyokanyaga kitu." Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Nikamwambia, kama haitaki, achore ya kwake. Mama akaacha kucheka.

Kesho yake asubuhi nikamkuta barazani, kitambaa kimefunguliwa, brashi iko mkono wa kushoto, Mama amemshikia ile fimbo anayoegemezea mkono. Alikuwa ameshajaza gazeti zima kwa Q. Q nyingine zilifanana na yai, nyingine sufuria iliyobonyea. Jasho lilimtoka. Nikataka kumwambia basi, inatosha. "Niache," akasema, "ndiyo kwanza naingia kazini."

Mchana ikatoka moja imesimama, mkia mfupi, umepinda kwa maringo. Hakuna aliyeuliza kama ndiyo yenyewe. Nilimkumbatia na rangi yake yote, na blauzi yangu haijatakata mpaka leo.

Kitabu kimechapwa Ijumaa. Nilimpeleka Baba kiwandani, akasimama kando ya mashine inayotema kurasa, akamwambia mchapaji, "Polepole, mwanangu, rangi yangu haijakauka." Nimefurahi, Shangazi, sina pa kuiweka furaha. Watoto wote wa darasa la kwanza watajifunza kusoma kwa mkono wa kaka yako, na mabango ya plastiki yapasuke kwa wivu.

Wasalimie binamu zangu, hasa yule anayekula kucha. Mama anakusalimu, anasema sufuria yake uliyoondoka nayo hajaisahau. Mungu akutunze, akulainishie goti, atukutanishe tungali tunacheka.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Chiriku.

Geuza ukurasa. Huko nyuma Baba amebonyeza mwenyewe kwenye kompyuta, kwa herufi zake, kwa kidole kimoja cha kushoto, na nilikatazwa kusaidia.

DADA YANGU, NISAMEHE KIMYA. MKONO ULINIACHA, SASA UMERUDI. MWANDIKO UNAUJUA, SINA HAJA YA KUJITAMBULISHA. NA HII HAINA KAZI HAPA, ILA NIMEITOLEA JASHO, LAZIMA UIONE: Q.