Viatu Vilivyopimwa Nikiwa Usingizini

Chumba cha juu,
Nyumba ya dobi.
Jumanne, 4 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu na baridi ya huko imepungua makali. Sisi hatujambo, isipokuwa kidole gumba changu cha kulia, na hicho ndicho kilichonikalisha niandike.

Kuna sauti haijanitoka masikioni: mkwaruzo mwembamba, kama panya anayetafuna karatasi. Niliusikia Jumapili moja mchana, nimelala hoi baada ya mazoezi. Kumbe ni Mama, amepiga magoti mwisho wa kitanda, anachora unyayo wangu kwa penseli ili akutumie kipimo bila mimi kujua.

Viatu ulivyonunua ni vizuri, Shangazi, na soli zake ni laini kama godoro. Lakini mguu uliolala si mguu unaokimbia. Ukisimama unatanuka, ukipiga lami saa nzima unavimba. Nikifika kilomita ya nane, kidole kinagonga mbele kila hatua. Ukucha umekuwa mweusi.

Nikasema. Laiti ningenyamaza.

"Vitapanuka," akasema Mama. "Hata baba yako nilimvumilia."

"Kata kucha, Abiria," akasema Kaka.

Ananiita Abiria kwa sababu mwaka jana mbio nilizimalizia ndani ya gari la wagonjwa. Tangu hapo hata chumvi mezani naombwa kwa jina hilo. Mbio za mwaka huu ni Jumapili ijayo, na nimeapa kuuvuka mstari kwa miguu yangu. Ila nyumba hii kila mtu ana neno juu ya mguu wangu, na mwenye mguu haulizwi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hapa wanawajua wote, mmoja mmoja.

Basi juzi nikaenda dukani jioni, miguu imeshavimba, soksi za mazoezi mkobani. Muuzaji hakuniuliza rangi. Alinisimamisha, akabonyeza mbele ya kidole.

"Hapa pabaki upana wa kidole. Haya, kimbia mpaka kwenye nguzo ya taa urudi. Kiatu cha mbio hakichaguliwi kwenye kiti, binti."

Nilikwenda kwenye nguzo ile mara tano, kwa jozi tano, watu wakinitazama. Nikachukua vya kijivu, sura kama saruji, kwa kuwa njiani nilisahau kuwa nimevaa viatu.

Siku nyingine niulize mimi, hata kama itaniharibia mshangao. Wabusu mapacha, na Mungu akujalie mgongo usiolalamika.

Viatu vyako nimeshampa Mama. Alikataa: zawadi ya mtu haigawiwi. Leo asubuhi nimemkuta kwenye meza ya pasi, anakosimama kutwa, amevivaa, kamba kazifunga mafundo mawili. Jana nilikimbia kilomita kumi na nane na vya kijivu, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Binti wa kaka yako, akupendaye hata akinuna,
Abiria (kwa siku tano tu zilizobaki)