Ubeti Usio na Jina Langu

Jumapili, baada ya Magharibi, 1966

Na mie nikampa wifi yangu mkono wa pongezi!

Leo hapa Kibokoni, kwa mara ya kwanza, mashairi yetu wanawake yamesomwa hadharani. Sisi tulikaa nyuma ya pazia, maalim akatusomea. Alianza na la wifi yangu Zuhura. Vina vinachechemea, lakini ubeti wa mwisho kajitaja yeye, babake na mtaa wake, kama watunzi wafanyavyo. Likafuata langu. Watu wakataka lirudiwe.

"La nani hili?" maalim akauliza.

Mie kwa haya sikuwa nimejitaja. Nikangoja Zuhura anitaje, maana alinisikia nikilitunga jikoni.

Jirani yetu Bi Rukia akawahi: "Si la Zuhura pia? Nani mwengine hapa?"

Zuhura akanitazama. Akaliweka sawa buibui lake, akasema, "Alhamdulillahi."

Wivu unanichoma.

Sasa hivi nimeutunga ubeti wa mwisho, jina langu limo. Nimeurudia mara nne, na vina vyake vinachechemea kama vya Zuhura.