Kizito cha Pazia la Bibi

Hora, Kithira,
Ugiriki.
12 Mei 1985

Mpendwa Mjomba Minas,

Shikamoo. Hujambo huko Sidni? Wapendwa wako wote wazima? Sisi hatujambo, ila magoti yanamsumbua Bibi, na upepo haujatulia tangu Pasaka.

Juzi mwalimu alitupeleka makumbusho. Katika kabati moja la vioo niliona vipande sita vya udongo wa kuchoma, kila kimoja kina tundu juu. Bi Evanthia, mtunzaji, alisema wafumaji wa kale walivining'iniza kwenye nyuzi ili zikaze. Nikaropoka, "Mbona hata sisi tunacho! Kimeshikilia pazia la mlango wa jikoni!" Wenzangu wakaangua kicheko. "Mirto, kiingilio cha jikoni kwenu ni kiasi gani?"

Ndicho kile ulichookota shambani ulipokuwa mdogo. Kesho yake Bi Evanthia alikuja nyumbani, akakipima, akasema ni cha wakati uleule na sheria inataka kikabidhiwe.

Bibi alikuja juu. "Una sita, mwanangu, na hiki changu unakitakia nini?"

Mjomba, upepo ukivuma kizito hicho hugonga mwimo wa mlango, naye Bibi huitikia, "Ingia, Minas!" Nilidhani ni mzaha wake tu, mpaka siku hiyo nilipomwona amekikumbatia kifuani. Imetimia miaka kumi na minne tangu uondoke. Mimi nakujua kwa picha.

Nilimweleza kwamba jina la mwenye kukabidhi huandikwa katika daftari la makumbusho. Akakizungusha kizito mkononi mpaka kahawa yake ikapoa. Kisha akasema, "Basi aliyekiokota aje akipeleke mwenyewe. Mimi si tarishi wake."

Bi Evanthia amekubali kusubiri hadi sikukuu ya Mama Maria wa Mirtidia, Septemba 24. Ameandika rangi, uzito na jina la shamba. Mahali pa jina la mwenye kukabidhi amepaacha wazi, nimepaona mwenyewe. Najua safari ni ndefu na duka lako halikupi nafasi. Hata hivyo nimeomba nisimame karibu na meza siku utakapotia sahihi.

Mama na Baba wanakusalimu sana, pia jirani yetu Bi Kalomira. Mama Maria akufunike kwa baraka zake, akunyooshee njia.

Bibi hakunituma kuandika. Amenipa stempu tu, wala hakuniuliza ni ya nini.

Mpwa wako akupendaye,
Mirto