Mjerumani Aliyekufa Mara Arobaini

Lima, Ohio
Oktoba 11, 1987

Ndiyo, Dada Verla, bastola ya Baba ninayo mimi, na hapana, sijaiuza. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, usipojibiwa swali lako hata salamu huzisomi. Sasa salamu. Hujambo, na goti lako je? Shemeji Royce bado anakoroma kanisani? Sisi huku wazima, ila mimi nimechoshwa, na aliyenichosha anaitwa Pruett.

Pruett ni mwalimu mstaafu. Humkosi kwenye maonyesho ya bunduki, na daftari lake kwapani. Sisi wengine tunauza bastola za vita, hii ya Kijerumani, ile ya Kijapani, chukua nenda zako. Yeye anamtaka mwenyewe. Nani aliileta? Kikosi gani? Alirudi na meli ipi? Ukimjibu tu, anawaandikia barua wazee waliokuwa na huyo mtu jeshini, na stempu ya kujibia anawawekea. Wenzangu wakimwona anakuja wanajaza mkate mdomoni ili wasiulizwe.

Mimi siku hiyo sikuwa na mkate. Akanikuta mezani kwangu, Luger ya Baba, ile bastola ya Kijerumani, iko mbele juu ya kitambaa chekundu, na kadi imeandikwa HAIUZWI. Mtu akisoma haiuzwi lazima asimame, ndivyo tulivyoumbwa. Akisimama namsimulia daraja la Baba: mvua, ofisa wa Kijerumani nyuma ya nguzo, Baba na koleo tu mkononi. Nikimaliza, ile bastola ya pembeni inayouzwa anaiona tamu. Na kusema kweli, mara nyingine ulimi unateleza, hadithi namfungia pamoja na hiyo anayonunua. Kwa hesabu yangu yule Mjerumani ameshakufa mara arobaini, na kila akifa anakutwa na bastola nyingine.

Pruett alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanikumbusha msemo wa wakusanyaji: nunua bastola, usinunue hadithi. Nikamwambia bastola yenyewe haiuzwi, kwa hiyo hadithi anapewa bure. Hakucheka. Akaomba kuishika ile ala nyeusi ya ngozi ya kuhifadhia bastola. Ndani ya kifuniko chake kuna kimfuko cha kutilia kile kifaa cha kufungulia bastola, na hawa watu kitu cha kwanza wanachungulia humo, kifaa kipo au kimepotea. Kifaa hakikuwepo. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

Ilikuwa ile hati waliyopewa askari na wakubwa wao, ili mtu aruhusiwe kurudi kwao na silaha ya adui. Namba ni ya bastola ya Baba, tarakimu kwa tarakimu. Jina si la Baba. Jina ni Emil Vrabel, wa Youngstown.

Nilimsihi Pruett aache. Nikamwambia mzee wetu tumemzika Aprili, na dada yangu ameshaagiza kibao cha shaba. Akasema pole, kwa adabu zote, akaenda kwake akaandika barua. Mtu wa hivyo utamfanyaje? Ukimpiga ngumi atakuuliza ngumi hiyo ina namba gani.

Basi Vrabel yuko hai, na jibu lake Pruett kaniletea mpaka mlangoni, anatabasamu kama bwana harusi. Mzee anasema walikuwa Ufaransa wanangoja meli, yeye akashikwa na ugonjwa wa manjano. Hospitali ya jeshi vitu vilikuwa vinaibwa, kwa hiyo mkoba wake akamwachia rafiki yake Orval, ndiye Baba, amtunzie. Meli ya Orval ikatangulia. Vrabel akamwandikia kwao mara mbili, hakujibiwa. Mwisho kaandika hivi, nakunakilia neno kwa neno: "Bastola sina haja nayo tena, mikono inatetemeka. Nilidhani Orval alifia njiani, maana hakuwa mtu wa kukaa na kitu cha mwenzake. Kama kuna anayejua, naomba aniambie. Alifika kwao salama?"

Nimelisoma hilo mara ngapi sijui, na kila nikilisoma nakasirika upya. Namkasirikia Pruett na stempu zake. Nakukasirikia wewe na kibao chako, eti ALIITEKA DARAJANI, kitundikwe ukumbi wa wapiganaji wastaafu Novemba kumi na moja, siku yao, mji mzima upige makofi. Lakini ninayepaswa kumkasirikia hasa ni mwingine. Keti kwanza, Dada.

Karatasi ile haikunishtua. Baba alinionyesha mwenyewe Februari, jikoni kwake. Akaniambia siku aliyorudi, Bibi alifungua mkoba mezani mbele ya watu, Babu akauliza kaitoa wapi. Baba alikuwa na miaka ishirini na miwili, wote wanamtazama, akasema darajani. Kesho yake Babu ameshalifikisha daraja kwa kinyozi. Uongo ukishafika kwa kinyozi, unarudije? Mara mbili Baba aliendesha kwenda Youngstown, bastola ndani ya kopo la chakula cha mchana, na mara zote mbili aligeuzia kituo cha petroli. Akaniambia, "Delmar, wewe huna aibu, ipeleke wewe." Nikasema ndiyo, Baba. Karatasi nikairudisha kimfukoni kwa mkono wangu huu. Tulipomaliza kuzika, nikaitandikia bastola kitambaa chekundu. Miezi sita, Dada, namchuuza Baba.

Royce msalimie, na shangazi wote, na mwambie mchungaji nitakuja nikipata viatu.

Sasa tufanye biashara. Jumamosi ya tarehe ishirini na nne nakupitia saa kumi na mbili asubuhi, twende Youngstown kwa Vrabel. Oka ile pai yako ya matofaa. Tukirudi, ukisema kibao kinakaa vilevile, parafujo nazikaza mwenyewe na Novemba napiga makofi kuliko wote. Mimi nabeba bastola. Wewe utabeba jibu la mzee, umwambie Orval alifika salama, akaishi miaka arobaini na miwili, na kila vuli aliipaka mafuta bila kuipiga hata risasi moja. Usinisukumie mimi hilo. Mimi nikifungua mdomo pale, Mjerumani atatokea nyuma ya nguzo.

Mdogo wako,
Delmar