Asipewe Togwa Mlangoni

Nzuguni, Dodoma

Kwako mdogo wangu Damari,

Marahaba naitanguliza, maana najua shikamoo yako imekwisha kukutoka mdomoni huko uliko. Namshukuru Mungu kwamba tungali hai. Je, miguu yako inaendeleaje, na mtama umeota?

Wifi yako anapata nafuu ya kiharusi. Mkono umeanza kushika. Lakini koo, mdogo wangu, ndilo linaloninyima raha.

Nakukiria kosa langu. Kila asubuhi nilimlisha akiwa amelala, uji mwepesi kama maji, nikidhani wepesi ndio usalama. Tena nikimsomea Zaburi, naye akiitikia "Amina" kila mstari. Juma lililopita aliitikia uji ungali mdomoni. Akapaliwa, macho yakamtoka, midomo ikabadilika rangi. Binti yetu Rehema akamwinamisha na kumpiga mgongoni hadi pumzi ikarudi. Alipoweza kusema, alinitazama: "Mwalimu, utaniua kwa Zaburi."

Nilicheka, kisha nikatoka uani nikalia.

Muuguzi wa zahanati hakucheka. "Babu, maji mepesi yanakimbia kabla koo halijajifunga, yanaingia mapafuni. Na chakula kikiwa mdomoni hakuna maongezi. Hata na Mungu, mwache ameze kwanza."

Sasa anaketi wima, kidevu kimeinama kidogo. Uji ni mzito, laini, usio na mabonge; nampa kijiko kidogo, nangoja koo lipande na kushuka ndipo nimpe kingine. Sauti yake ikisikika kama ina maji ndani, naacha. Akimaliza, halali upesi.

Tunatarajia kurudi huko kijijini Jumamosi, na hapo ndipo hofu yangu ilipo. Nawajua akina mama wa kanisa: watampokea kwa nyimbo na kibuyu cha togwa nyepesi mlangoni, kila mmoja akitaka mgonjwa anywe mkononi mwake. Kwetu kukikataa kibuyu ni kumkataa mtu, na wifi yako hatawakatalia. Atakunywa ili wasihuzunike. Nakuomba usimame mbele yao wewe, unayeishi nao siku zote, kwa kuwa maneno yangu watayaita maringo ya mjini.

Nisalimie shemeji, mumeo. Msalimie na mama mkwe wangu, umwambie mwanawe anakula.

Unijibu kabla ya Ijumaa. Ukiona huwezi kuwazuia, sema wazi bila haya. Nitabaki naye huku, ingawa ameshafunga mzigo wake, na kila asubuhi anauliza basi linaondoka saa ngapi.

Ndimi kaka yako, kwa damu na kwa imani,
Mwalimu Eliya