Goti Lililonifaulisha

Jumamosi, jioni

Nimefaulu, lakini kwa kitu ambacho sikukifanyia mazoezi hata siku moja. Inaudhi!

Miezi minne nimezunguka na viatu vya magurudumu kwenye sakafu ya ghala la tumbaku hapa Usoke, mpaka magoti yamejaa makovu. Nilitaka cheti tu, niruhusiwe kuwafundisha watoto wa parokia mchezo huu.

Leo mtahini, dada mmoja kutoka Dar, alikaa juu ya robota la tumbaku na kalamu yake. Nilianza vizuri. Nikawa narudi kinyumenyume kwa mguu mmoja, mikono nimeitanua, mara mlango ukafunguliwa. Baba mkwe!

Sikufikiri. Mwili ulishuka wenyewe. Nikapiga goti, kama mke anavyomwamkia baba mkwe huku kwetu, huku magurudumu yakinipeleka, nikampita mzee nikiwa chini hivyohivyo.

"Shikamoo, baba!"

"Marahaba, mwanangu. Sasa mbona unapita?"

Nikaenda kuishia kwenye ukuta. Mzee akatikisa kichwa, akaondoka.

Mtahini alikuwa amesimama, anapiga makofi. Mizunguko yangu yote ameiandika dhaifu. Salamu ameipa alama zote. Akaniomba niirudie. Nilijaribu mara tatu, nikaanguka mara tatu. Goti halishuki bila mzee.

Mtihani wa daraja la pili ni mwezi ujao, Dar. "Na lile goti usiliache," amesisitiza.

Sasa nimekaa hapa natafuta maneno ya kumwambia baba mkwe kwamba inabidi tusafiri wote, treni siku nzima, na akifika kule kazi yake ni moja tu: kufungua mlango.