Jukwaa Lako la Kufuma

Mjukuu wangu Zawadi,

Marahaba. Huku Gungu tu wazima, na goti la babu yako limepata nafuu.

Unauliza kwa nini watu wa jukwaa lako la kufuma huko mtandaoni huuliza tu bila kuchangia, ingawa kila swali unalijibu wewe mwenyewe papo hapo.

Usichanani nilianzisha kikundi cha kufuma vitambaa. Wenzangu walinisikiliza tu. Siku moja jino liliniuma nikashindwa kusema. Mgeni akauliza namna ya kumalizia ukingo, na Stella, mpole kuliko wote, akamwonyesha.

"Kumbe unajua?" nikamwuliza jino lilipotulia.

"Hukuwahi kuniachia nafasi, dada."

Niliona aibu. Wiki iliyofuata nilikuwa nimepona, lakini swali lilipoulizwa nilimtazama Stella, nikanyamaza.

Nakukumbuka sana,
Bibi yako